Mzee wa Kadi na Kisima cha Uongo

Karakana yetu ilikuwa nyuma ya stesheni ya Tabora, na kazi yake ilikuwa kutengeneza pampu za visima vya vijijini. Mimi nilikuwa mpiga chapa. Yeye alikuwa msimamizi wa majaribio, maana yake hakuna pampu iliyotoka getini kabla hajaandika neno juu yake. Mafundi walimwita Mzee wa Kadi. Nami nitamwita hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo nilivyomjua kwa miaka kumi na miwili, na sidhani kama angekubali jina jingine liandikwe hapa bila yeye kulikagua kwanza.

Kadi zenyewe nizieleze, maana bila hizo huyu mtu haeleweki. Kujaribu pampu moja ni mambo mengi madogo: kufunga, kujaza maji, kuvuta mpini mara kadhaa, kungoja, kutazama panapovuja, kufungua. Kuyaandika yote kila siku kungemaliza daftari kwa wiki mbili. Kwa hiyo hatua za kila kazi ziliandikwa kwenye kadi ngumu, yeye akaipa kila kadi jina, na fundi akawa anaandika lile jina tu. Maneno mawili daftarini yalisimama mahali pa hatua kumi na tano. Tena kadi moja iliweza kutaja nyingine ndani yake, na hiyo nyingine ikataja ya tatu, hata fundi aliyeandika mstari mmoja asubuhi akajikuta na kazi ya mpaka saa tisa. Zilikuwa kama sitini, ndani ya sanduku la mninga lililokaa kwenye benchi. Zote nilizipiga chapa mimi, baadhi yake mara tano, na mara nyingi kilichobadilika kati ya chapa na chapa hakikuwa hatua. Kilikuwa jina.

"Fundi akikosea hatua, atarudia," aliniambia wiki yangu ya kwanza, nilipolalamika. "Jina likikosea, hakuna atakayejua arudie nini."

Zamani, kabla ya uhuru, kadi zilikuwa na namba tu. Msimamizi Mzungu aliyeziacha alizijua kwa kichwa, na alipoondoka aliondoka na kichwa chake. Mafundi wakabaki na namba saba na namba kumi na saba, ambazo kwa mtu aliyekuwa na grisi mikononi zilikuwa kitu kimoja. Mzee wa Kadi alikaa nazo mwaka mzima akizipa majina ya Kiswahili. Hakuwa ameagizwa na mtu. Agizo la kutumia Kiswahili lilipofika karakana lilimkuta ameshamaliza, na alilisoma kama mtu anayesoma barua iliyochelewa.

Majina yake yalikuwa ya koo tatu. Kadi iliyofunga kitu au kujaza kitu ili jaribio liwezekane, jina lake lilianza na Andaa. Kadi iliyotoa kipimo bila kusema ni kizuri au kibaya, ilianza na Pima. Kadi iliyotoa hukumu, ndiyo au hapana, ilianza na Thibitisha. Ukikuta daftarini Andaa na Pima peke yake, hata zikiwa kurasa nne, ulijua pampu hiyo bado haijasemewa lolote. Na kila Andaa ilitakiwa ifungue yenyewe ilichokifunga, ili fundi anayefuata akute benchi tupu. Mtu aliyeacha bomba limefungwa baada ya Andaa alitazamwa siku nzima.

Neno Thibitisha lilimchukua siku tatu. Alikuwa ameanza na Hakiki, halafu akaingiwa na shaka. Mjini kulikuwa na mwenye duka la vyuma, mtu wa zile familia za Kiarabu zilizokaa Tabora tangu enzi za misafara, ambaye tulimwendea kununua boliti na yeye akatuuzia pamoja na maelezo. Mzee wa Kadi alinichukua tukaenda, mimi na daftari langu. Mwenye duka alituagizia kahawa.

"Kuhakiki ni kutafuta kama jambo ni kweli," akasema. "Kuthibitisha ni kusema kwamba ni kweli. Sasa wewe unatafuta au unasema?"

"Nasema."

"Basi una moyo mgumu," akasema mwenye duka, na tukanunua boliti.

Palikuwa na fundi mmoja mrefu, mtu wa Nzega, aliyegundua njia nzuri ya kujua kama ngozi za pistoni zimelowa vya kutosha. Njia ilikuwa ya haraka na haikukosea. Akaomba kadi yake iitwe kwa jina lake.

"Ukihama, kadi nayo ihame?" Mzee wa Kadi akamuuliza.

"Sina mpango wa kuhama, Mzee."

"Basi ukifa."

Fundi akafikiri kidogo, akakubali iitwe Pima Ngozi Iliyolowa. Mimi mwenyewe nilipendekeza siku moja kadi fulani tuiite Kadi Mpya, kwa kuwa ilikuwa mpya. Akaniuliza mpya mpaka lini. Nikarudi kwenye mashine yangu.

Nisiseme alikuwa mtu wa hukumu njema kila siku. Siku moja fundi aliandika daftarini kwamba pampu "iko poa", maneno yaliyokuwa yameingia na vijana kutoka Dar es Salaam, na Mzee wa Kadi akaichana ile karatasi mbele ya karakana yote. Yule fundi alikuwa na watoto wakubwa. Alisimama pale akiangalia mikono yake. Kesho yake asubuhi nilikuta karatasi imegandishwa mahali pake kwa gundi, vipande vyote, na "iko poa" inasomeka vizuri. Nani aligandisha hakuna aliyeuliza. Mzee wa Kadi hakumwomba radhi.

Kituko kikubwa kuliko vyote nilikikuta nyumbani kwake. Mkewe alinialika chakula, na nilipokuwa nimekaa nikamsikia akimwita mumewe kutoka jikoni: "Hebu niletee kile kilicho kwenye kile." Nilisubiri nione. Mzee wa Kadi aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na kamba iliyokuwa ndani ya kapu, akampa. Ndiyo iliyotakiwa. Walikuwa wanaishi hivyo, kile na kile, miaka yote. Tulipokuwa tunakula nikamuuliza inakuwaje.

"Huyu namjua," akasema. "Atakayesoma daftari simjui."

Sasa nije kwenye kisima.

Kando ya benchi kulikuwa na pipa la chuma lililozikwa nusu ardhini. Pampu ilisimamishwa juu yake, ikavuta maji kutoka mle, na koki ikabanwa kwenye bomba la juu ili mpini uwe mzito kama vile maji yanatoka mbali. Mwenye kuvuta alihisi kisima kirefu, lakini maji yalikuwa usawa wa magoti yake. Kadi yake iliitwa Andaa Kisima cha Uongo. Kila pampu iliyotoka, daftari lake lilisema ilijaribiwa katika kisima cha uongo, na mafundi wa kwenda kusimika walijua maana yake: ukifika kijijini, vuta asubuhi nzima, acha saa nzima, vuta tena, ndipo uwaambie watu maji yapo.

Ikafika ile miaka ya kuhamia vijijini. Pampu zilitakiwa nyingi na kwa haraka. Tukaletewa meneja mpya, kijana msomi, mwenye adabu, aliyemwamkia Mzee wa Kadi shikamoo kila asubuhi kabla ya kumpinga. Siku moja akaja Katibu wa chama na wageni. Mmoja wa wageni akafungua daftari la majaribio, akasoma kwa sauti: "Kisima cha uongo."

Kesho yake Mzee wa Kadi akaitwa ofisini kwa Katibu. Meneja alikwenda naye, na mimi nilikwenda kuandika.

"Ndugu," Katibu akasema, "katika daftari la serikali umeandika visima vya uongo. Ni visima gani hivyo?"

"Ni kimoja tu, Ndugu Katibu. Kiko karakana, kando ya benchi."

"Unajua kwamba wananchi wanachimbiwa visima?"

"Najua. Vile ni vya kweli. Ndiyo sababu nikatenganisha."

Katibu hakuwa mtu mbaya. Alijikuna shingo, akatazama nje. Alieleza kwamba yeye anaelewa, lakini daftari linasomwa na wengi, na wako watu wanaotafuta neno kama hilo ili walitembeze. Akasema kiitwe kisima cha mfano.

"Mfano ni kitu cha kuigwa, Ndugu Katibu," akasema Mzee wa Kadi. "Hiki mtu akikiiga atakufa kiu."

Niliinua penseli. Meneja aliitazama ile penseli, nikaishusha. Sentensi hiyo haimo katika kumbukumbu za kikao, na ndiyo pekee ninayoikumbuka neno kwa neno.

Wiki iliyofuata akahamishiwa stoo ya vipuri. Hakubishana. Alichukua kikombe chake na miwani, akaniachia sanduku la kadi, akasema nisiliweke karibu na dirisha. Meneja akanipa orodha ya kadi kumi na moja zilizotaja kisima cha uongo ili nizipige upya. Nilianza asubuhi.

Nilipofika kadi ya nne nilisimamisha vidole. Njia ya Nzega kulikuwa na kijiji kilichokuwa kimechaguliwa kuwa kijiji cha mfano, wageni wote walipelekwa huko, na kisima chake kila mtu alikiita kisima cha mfano. Kilikuwa kirefu na kilitoa maji vizuri. Nikajua hapo hapo kwamba mtu atachanganya. Nilijua kama unavyojua chungu kitafurika. Nikamfikiria meneja, nikafikiria stoo, ambayo haikuwa na dirisha, nikapiga kadi ya nne, na ya tano, na zote kumi na moja zikawa tayari kabla ya chakula cha mchana.

Haikufika miezi miwili. Pampu zilipelekwa kijiji kipya, njia ile ile lakini mbali zaidi, na mafundi wa kusimika walikuwa wageni walioletwa kuongeza nguvu. Walisoma daftari: imethibitishwa katika kisima cha mfano. Wakaona kazi ya kuvuta asubuhi nzima imeshafanywa, tena mahali panapojulikana. Wakasimika, wakavuta mara chache, maji yakatoka, watu wakapiga vigelegele, mafundi wakaondoka. Vali ya chini iliyoweza kushika maji ya pipa haikuweza kushika maji ya futi tisini. Kila ukiacha mpini, maji yalirudi chini. Baada ya wiki mbili ngozi zilikuwa zimelika kwa mchanga, na pampu zikavuta hewa. Ulikuwa mwezi wa tisa.

Meneja alikuja stoo mwenyewe. Nilikuwa pale nikichukua karatasi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Naomba twende wote."

Mzee wa Kadi akavaa kofia. Hakuuliza wapi.

Tulikwenda na gari la karakana, meneja, yeye, yule fundi mrefu wa Nzega, na mimi wa kuandika. Kijiji kilikuwa cha mistari iliyonyooka, nyumba nyingine bado hazijaezekwa. Kwenye pampu ya kwanza alikuwapo mama mmoja mtu mzima, aliyechaguliwa na wenzake kuitunza. Alikuwa ameufunga mpini kwa kitenge ili watoto wasiuchezee. Mzee wa Kadi alimsalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," naye akaitika. Halafu wakaendelea kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu na daftari langu.

"Tuliambiwa imethibitishwa," yule mama akasema.

"Nani aliwaambia?"

"Fundi alitusomea. Kisima cha mfano. Tukasema, kama ya wenzetu yanatoka, yetu yatatoka."

Meneja alikuwa anatazama chini. Mzee wa Kadi angeweza kumgeukia, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakumgeukia.

"Haikuwekwa katika kisima chochote, mama," akasema. "Iliwekwa kwenye pipa."

"Pipa?"

"Pipa la chuma. Futi nne."

Yule mama hakukasirika kwa namna ninayoijua. Alifungua kitenge kwenye mpini, akakikunja, akakishika.

"Mngetuambia pipa," akasema, "tusingeng'oa nguzo za kule."

Kule ni kule walikotoka, mwendo wa nusu siku, ambako walikuwa na dimbwi lao la zamani. Walikuwa wamepewa ruhusa ya kuacha nyumba zao zisimame mpaka maji yahakikishwe. Siku maji yalipotoka waling'oa nguzo na kuzibeba waje wajengee. Sasa kila alfajiri wanawake walikuwa wanarudi kule na ndoo, wanachota, wanapita katikati ya mashimo ya nguzo zao wenyewe, na kurudi jua likiwa kali. Mkwewe, mwenye mimba kubwa, alikuwa ameanguka njiani siku nne nyuma. Mtoto hakuishi. Yule mama alitueleza hayo kwa sauti ile ile, kwa sababu aliona mimi ninaandika.

Tulikaa siku tatu. Mzee wa Kadi alivua shati, akavuta fimbo za pampu pamoja na fundi mrefu, zikabadilishwa vali zote. Walipomaliza ya kwanza alivuta asubuhi nzima, akakaa chini saa nzima, akavuta tena. Maji yalitoka kwenye mvuto wa pili. Alimwita yule mama avute mwenyewe. Kabla ya kuondoka alimwendea mkwe wa yule mama nyumbani kumpa pole, akabaki huko muda mrefu. Aliloongea naye silijui.

Kwenye gari wakati wa kurudi nilikuwa nimekaa nyuma pamoja naye. Nilimwambia.

"Mzee, mimi niliona wakati napiga chapa."

"Uliona nini?"

"Kwamba watachanganya na kile kijiji."

Tulipita vichaka vingi.

"Ungesema," akasema baadaye, "wangekuleta stoo."

"Labda."

"Stoo kuna nafasi ya watu wawili."

Hakulirudia jambo hilo tena maisha yake yote. Mimi nimelirudia mara nyingi.

Akarudishwa kwenye benchi. Meneja, ambaye tangu siku ile ya pampu alikuwa mtu mwingine, akamwambia arudishe jina la zamani na yeye mwenyewe atakwenda kwa Katibu kulitetea. Nilishaweka karatasi na kaboni kwenye mashine. Mzee wa Kadi akakataa.

"Lile nalo lilikuwa baya," akasema. "Nililipenda kwa sababu linashtua. Mtu akishtuka anamtazama aliyeandika, haitazami pampu."

Kadi ikaitwa Andaa Pipa la Futi Nne. Katibu hakuwa na pingamizi. Hakuna mgeni aliyewahi kuisoma kwa sauti, na hakuna fundi aliyewahi kuielewa vibaya. Mzee wa Kadi aliitazama siku ile nilipompa, akasema inachosha kusoma, akaiweka sandukuni akiwa ameridhika.

Nilihama Tabora baada ya kuolewa. Miaka ikapita, karakana ikapungua, vipuri vikaadimika, kisha nikasikia amestaafu na mkewe amefariki. Nilipopata safari ya kuja kuwaona wazazi wangu Itetemia, nikapanda baiskeli ya kaka yangu nikaenda Ntalikwa, ambako Mzee wa Kadi alikuwa amefungua shamba.

Nilimkuta amekaa kibarazani anabangua karanga. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea ungo ili nami nibangue. Tulizungumza juu ya mvua. Binti yake akatoka ndani na kitoto kichanga mgongoni, akanisalimu, akamgeukia baba yake kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema jambo hilo mara kadhaa.

"Baba, kesho ni kliniki. Nesi amesema safari hii hataki kuona nafasi tupu kwenye kadi ya mtoto."

Mtoto alikuwa na mwezi na wiki moja. Kuchagua jina walikuwa wamemwachia babu, kwa heshima, na babu alikuwa bado anatafakari. Ukoo wa baba mtoto ulishatuma ujumbe mara mbili. Nilimuuliza kuna ugumu gani.

"Vitu nilivyovipa majina nilikuwa nimeshaviona vinafanya kazi," akasema. "Huyu analala tu."

Binti yake alikaa kwenye ngazi, akamshusha mtoto, akamnyonyesha. Nilimwona amechoka. Tulibangua karanga kwa muda. Mtoto aliposhiba, mama yake akamwinamia akamnong'oneza kitu, mtoto akageuza macho kumtafuta.

Mzee wa Kadi akaacha kubangua.

"Umemwitaje hapo?"

"Si kitu, Baba."

"Mkiwa wawili unamwitaje?"

Binti akaona haya. Akatazama uwanjani.

"Namwita Nyamizi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile alipozaliwa."

Mzee wa Kadi akajipangusa maganda ya karanga magotini. Akaingia ndani, akatoka na kadi ya kliniki na kalamu ya wino, akanipa mimi, kama siku zile za karakana. Nikaandika jina hilo polepole, herufi kubwa, kwenye mstari uliokuwa mtupu. Binti yake alisimama nyuma ya bega langu akitazama mpaka nikamaliza. Nilipotaka kuikunja kadi, Mzee wa Kadi aliuzuia mkono wangu.

"Iache wazi kwanza," akasema. "Wino haujakauka."